Skrubu za Kliniki ya Magurudumu

Nilikuwa nimekwenda kwa binti yangu kumsaidia siku za uzazi, na asubuhi moja mlango wa kabati la jikoni ukanibaki mkononi. Bawaba ilikuwa nzima, skrubu zilikuwa nzima, ila matundu ndiyo yaliyokuwa yamechoka. Mkwe wangu, kijana mpole mwenye kazi ya ofisini, akaja na bisibisi. Akazungusha, akazungusha, skrubu ikawa inakwenda bure kama mwiko kwenye uji. Akasema, "Mama, hili kabati limekwisha. Tutanunua jingine." Nikamwomba njiti tatu za kibiriti. Nikazikata vichwa, nikazishindilia ndani ya tundu, nikairudisha skrubu na kuikaza mpaka ikagoma. Mlango ukafunga. Akaniangalia kama aliyemwona mama mkwe wake juu ya mnazi. "Umejifunza wapi, mama?" Nilimjibu kwa kifupi tu, kwa baba yangu, maana chai ilikuwa inapoa na mtoto ameanza kulia. Lakini siku ile nzima mikono yangu ilikuwa Bagamoyo.

Nyinyi wenzangu wa rika langu mliokulia pande zile huenda mnaikumbuka karavani ya kliniki. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati jeupe, yenye magurudumu mawili, inayokokotwa nyuma ya Landrova. Ilikuwa na mlango mmoja ubavuni na madirisha mawili ya kusukuma kwa nje. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba cha kupimia wajawazito, mizani ya kuning'iniza watoto, kabati la dawa na beseni la kunawia. Ililetwa kwa ajili ya kina mama wa vijiji vya mbali, Kiwangwa, Lugoba, na vitongoji vya njia ya Chalinze, ambako mwanamke mwenye mimba akitaka kupimwa ilimbidi atembee kutwa nzima. Walioiunda, nadhani, waliiundia nchi ya barabara laini, na watu wanaotaka kulala kando ya ziwa siku mbili tatu kisha warudi kwao.

Barabara zetu ziliiadhibu. Kutoka mjini kwenda Kiwangwa ulikuwa mchanga kwanza, kisha udongo mwekundu uliojikunja kama ubao wa kufulia, na kila kunjo lilitikisa skrubu zote zilizoshikilia kuta. Kuta zenyewe zilikuwa nyembamba ajabu. Ukizibonyeza kwa kidole gumba zinaingia ndani, ukiachia zinarudi kwa mlio kama wa kopo tupu. Skrubu zikalegea. Dereva, Bwana Kondo, akawa anazikaza kila wanaporudi safari, na kila akizikaza zinamzunguka bure. Akapiga misumari, nayo ikatoka. Mwisho ukuta wa kushoto ukawa unapepea njiani kama kanga kwenye kamba, vumbi linaingia kwenye dawa, na mvua moja ndogo ikalowesha kitanda na madaftari yote ya watoto.

Mwenye kliniki, kwa maana ya aliyeihangaikia, alikuwa Sista Tatu, muuguzi mkunga. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka na sauti inayofika mtaa wa pili. Aliandika barua Dar es Salaam kuomba karavani itengenezwe, akajibiwa kwamba zamu yake itafika baada ya masika. Nilimsikia mwenyewe akimwambia baba, siku alipokuja kwenye karakana yetu pale Dunda, chini ya paa la makuti lililoegemea nyumba.

"Baada ya masika, Fundi Sefu! Na wanaojifungua masika niwaambie wajizuie?"

Baba alikuwa fundi seremala. Alitengeneza milango, vitanda, masanduku, na wenye vyombo vya baharini walimwita kila mbao ilipowashinda. Alisimama na Sista Tatu kando ya ile karavani, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, sikio lake karibu na bati kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akasema, "Bati halina kosa, Sista. Mbao za ndani ndizo zilizooza. Skrubu hazina pa kung'ata."

"Utaweza?"

Nakumbuka baba alivyoyasugua macho yake kwa pindo la kikoi. "Niachie wiki mbili," akasema.

Sasa lazima niseme jinsi nilivyokuwa nikimwona baba yangu mwaka ule, maana nilimwona vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la nne, mtoto wa pekee aliyebaki nyumbani, na kila kitu nilikuwa na maelezo yake. Baba aliacha kufungua msahafu jioni, akawa anasoma kwa moyo. Nikasema amekwisha kuuhifadhi. Alipita njiani bila kuwaitikia waliompungia mkono. Nikasema ana hasira. Alipopapasa kikombe akakikosa na kahawa ikamwagika mkekani, nilikimbia uani kabla hajanigombeza, kwa kuwa hasira yenyewe nilijua inatoka wapi. Nilikuwa nimechukua patasi yake ya urithi, ile nyembamba, nikaenda kuchimbia mashimo ya kuchezea bao. Nikaisahau nje. Ikanyeshewa siku mbili, ikashika kutu. Baba aliiokota, akapitisha kidole gumba kwenye makali yake taratibu, akairudisha sandukuni. Hakusema neno. Wenye wazazi wakali mnajua kwamba neno linalokawia ndilo linaloogopesha.

Kwa hiyo aliponiambia, "Mwanaidi, kesho ukitoka shule usipite popote, njoo moja kwa moja hapa," nikajua adhabu imewadia.

Adhabu yenyewe ilikuwa hivi. Baba alikaa kwenye kigoda mbele ya ukuta wa kushoto wa karavani, mimi nikasimama mbele yake na bisibisi. Nilitakiwa kutoa skrubu moja, nimwambie ilivyo, kisha nimpishe. Yeye alichomeka kidole chake kidogo tunduni, akalipima, akalisafisha kwa keekee ya mkono mpaka unga wa mbao mbovu ukaisha na mbao nzima ikaanza kutoka. Kisha nilipigilia kijiti cha mninga alichokichonga mwenyewe, nikiwa nimekichovya kwenye deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya papa wanaoupaka kwenye majahazi maji yasipenye. Nikakikata kikalingana na ukuta. Nikavisha skrubu mpya pete ndogo ya mpira tuliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Nikaikaza.

"Mpaka wapi, baba?"

"Mpaka mkono wako uambiwe basi. Ukizidisha hapo utapasua bati. Ukipunguza, barabara itaifungua."

"Mkono utaambiwa na nani?"

"Na skrubu. Isikilize."

Wiki ile nilinuka. Mafuta ya papa hayana adabu. Ukiyagusa yanakufuata mpaka kitandani. Darasani rafiki yangu Salma alihama dawati, na mwalimu akanipeleka dirishani bila kunieleza sababu. Mama alinisugua kwa ndimu na majivu. Niliyavumilia yote nikijua ndiyo malipo ya patasi.

Kilichonitesa zaidi ni maswali. Kila skrubu baba alikuwa na maswali yake. "Kichwa chake kikoje?" Kimeliwa, baba. "Kimeliwa upande gani?" Wa chini. "Kutu yake nyekundu au nyeusi?" Nyekundu. "Bati pembeni limepasuka?" Kidogo. "Kidogo kama nini?" Kama ukucha wa mtoto. Nilidhani ananitahini kama mwalimu wa chuo anavyomtahini asiyedurusu, na kwamba siku nitakapokosea jibu moja ndipo atalitaja lile la patasi. Nikajitahidi nisikosee. Siku ya tatu nilikuwa namjibu kabla hajauliza: "Hii imepinda, baba, kichwa kizima, kutu kidogo shingoni, mbao imekuwa nyeusi, ukichokonoa inatoka maji." Naye akawa anatikisa kichwa taratibu, mara nyingine anatabasamu, nami natabasamu upande wangu, kila mtu kwa sababu yake.

Jambo moja sikulitegemea. Kazi ilianza kunipendeza. Kuna furaha ya pekee skrubu inapoacha kuzunguka bure na kushika. Unaisikia kwenye kifundo cha mkono kabla hujaiona. Nikaanza kuzihesabu. Nilipofika ya mia, ukuta wa kushoto ulikuwa umetulia kabisa. Niliugonga kwa kiganja, ukajibu kwa sauti nzito, sauti ya mlango.

Siku ya tano tulihamia mbele, chini ya dirisha. Nilikuwa nimeinama nakata pete za mpira, na baba, labda kwa kutaka kuwahi kabla ya alasiri, akachukua bisibisi mwenyewe. Nikasikia mkwaruzo mrefu, kama mtu anayefungua kopo la samaki. Nilipoinua macho, bisibisi ilikuwa imetumbukia mbali kabisa na kichwa cha skrubu, na bati jeupe limechanika urefu wa kidole cha kati.

Bwana Kondo alikuwa akiosha Landrova hatua chache tu kutoka hapo. Akaja mbio na tambara mkononi. Hakuwa mtu mbaya, ila gari na karavani vilikuwa vimeandikwa kwa jina lake, na kila kovu ilimbidi alitolee maelezo.

"Nani katoboa? Fundi, nani katoboa gari la serikali?"

Baba alikaa na bisibisi mkononi. Sikuwahi kumwona baba yangu akikosa la kusema, na ile hali ilinitisha kuliko patasi. Nikaichukua bisibisi kutoka kwenye vidole vyake.

"Ni mimi, Mjomba Kondo. Nimeteleza."

"Nilijua!" Akapiga tambara pajani. "Nilimwambia Sista tangu siku ya kwanza. Unampa mtoto, tena wa kike, kazi ya watu wazima! Bati hili likianza kuchanika halisimami, litachanika mpaka nyuma."

Nikainamisha kichwa. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimelipa deni la patasi lote kwa mara moja, na ingawa machozi yalikuwa karibu, moyoni niliona nafuu. Baba alinyanyuka, akaushika ukuta wa karavani, akaufuata kwa mkono mpaka kwenye kivuli cha makuti. Akakaa. Akasema, "Kondo, nakuomba ukamwite Sista Tatu."

Sista alikuja na koti lake jeupe, miwani kwenye nywele. Akatazama ule mpasuko, akanitazama mimi. Kabla hajafungua kinywa baba akasema, "Si mtoto, dada. Ni mimi."

"Baba..." nikaanza.

"Nyamaza, mwanangu. Ni mimi, Sista. Nilitia bisibisi mahali nilipodhani pana skrubu. Sioni. Ukiwa umesimama hapo nakuona weupe wa nguo tu, sura sikuoni. Ilianza pembeni tangu vuli iliyopita, ikawa inakuja katikati. Nilipaswa kukuambia siku ile uliponiuliza kama nitaweza."

Nilikuwa bado nimeshika bisibisi, na mle kichwani mwangu mambo yote ya mwaka mzima yakaanza kugeuka moja baada ya jingine: msahafu, kikombe, watu waliopungia mkono, maswali ya kila skrubu. Hakuwa akinitahini. Alikuwa haoni, anauliza ili ajue. Na patasi? Niliropoka pale pale, mbele ya watu, "Baba, kwa hiyo hukukasirika kwa patasi?"

"Patasi ipi?" akasema. Kisha akakumbuka. "Ile yenye kutu? Nilidhani niliiacha nje mimi mwenyewe. Nilikuwa nasahau vitu vingi siku hizo, nikikosa kuviona."

Nikalia sasa, kwa sauti. Sista Tatu akaniacha nilie, akaenda kwenye ukuta wa kushoto. Alitandaza kiganja chake juu ya bati, akatembea kutoka nyuma mpaka mbele akibonyeza. Akarudi akajaribu kuingiza ukucha chini ya vichwa vya skrubu, kimoja kimoja. Akaupiga ngumi.

"Na huu nani kaufunga?"

"Yeye," baba akasema. "Mimi nilisafisha matundu na kuchonga vijiti. Skrubu zote ni mkono wake. Na macho ni yake."

Bwana Kondo alikuwa amepoa, lakini hakuwa amekubali. "Sista, kwa heshima yote. Ukuta huu ukitudondokea Msata, nitaandika nini kwenye kitabu cha safari? Kwamba ulifungwa na mtoto wa darasa la nne?"

"Andika hivyo hivyo," Sista akasema. "Na jina lake uliandike vizuri."

"Kabla hajaandika," baba akasema, "tupelekeni barabarani. Tukimaliza, tupelekeni mimi na mtoto mpaka Kiwangwa tukiwa ndani. Kikilia chochote nitakisikia. Vikilia vingi, itafuteni karakana nyingine, nami sitadai kitu."

Jioni ile baba alimwambia mama. Nilikuwa jikoni nakamua tui la nazi, mlango uko wazi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamimina chai, akakiweka kikombe mkononi mwake badala ya kukiweka mkekani. Ndipo nilipokumbuka kwamba alikuwa akifanya hivyo kwa miezi. "Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe," alimwambia. Basi.

Ule mpasuko tuliuziba kwa kiraka kilichokatwa kwenye debe la mafuta ya kupikia, skrubu sita kukizunguka, deheni chini yake. Baba alinionyesha kutoboa tundu dogo kwenye kila ncha ya mpasuko kabla ya kuufunika, ili usiendelee kutembea. Siku zilizobaki tulifanya kazi tofauti na mwanzo. Sasa nilijua ninachofanya. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama anayemsomea mtu barua yake, naye hakujificha tena kuuliza. Mtaa nao ulijua. Watu walipita wakasimama: wazee wakitoka msikitini, wanawake na vikapu vya sokoni. Mmoja akasema kwa sauti, makusudi nisikie, kwamba sasa fundi kamgeuza binti yake kuwa mwanamume. Baba hakugeuka. "Mwanaidi, ya ngapi hiyo?" Mia mbili na kumi na saba, baba. "Ishike vizuri."

Tulimaliza siku ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi tukaenda Kiwangwa. Sista Tatu alikaa mbele na Bwana Kondo. Mimi na baba tukakaa ndani ya karavani, sakafuni, migongo ukutani, miguu imebanwa kwenye kitanda. Baba alinipa penseli na kipande cha karatasi. "Nikinyoosha kidole, weka alama mahali kinapoelekea."

Mchanga tuliuvuka bila shida. Kisha tukaingia kwenye udongo mwekundu. Wenye kuijua ile barabara wataniamini nikisema meno yangu yalikuwa yanagongana kama kete. Beseni liliruka, mizani ikabembea, mlango wa kabati ulijigonga kama anayeomba kufunguliwa. Mimi sikuweza kutofautisha kelele moja na nyingine. Baba alifumba macho, kichwa kakiinamisha, na usoni alikuwa na utulivu ambao sikuwa nimeuona kwake tangu vuli. Akanyoosha kidole: "Pale. Juu ya dirisha, ya tatu au ya nne." Nikasimama nikishikilia, nikagusa. Ya nne ilikuwa inacheza. Nikaweka alama. Mbele kidogo akanyoosha tena, kona ya nyuma, chini. Nayo kweli. Kisha muda mrefu hakunyoosha. Nikamtazama, nikaona anatikisa kichwa.

"Kuna kitu kinalia, sikijui," akasema. "Si skrubu. Kili, kili, kili. Kiko juu."

Tulitafuta njia nzima. Nilipanda juu ya kitanda, nikapapasa dari, nikapapasa kingo za madirisha. Mwisho, tunakaribia mashamba ya mananasi, mkono wangu ukafika juu ya kabati la dawa, nyuma kabisa, ukakutana na kitu baridi. Ilikuwa bisibisi. Ya mpini wa njano. Ilikuwa ya Bwana Kondo, aliyoipoteza tangu Ramadhani akamshuku kila mtu hospitali nzima.

Tuliposimama Kiwangwa, chini ya mikorosho, nilishuka nayo nikampa. Aliigeuza mkononi. Hakusema ahsante wala samahani. Alikwenda kwenye ukuta wa kushoto, mahali ambapo kila safari alikuwa akiupiga teke kuurudisha, akaupiga teke. Ukuta haukujongea. Akaupiga tena, kwa nguvu, akachechemea kidogo.

Hatukuwa tumekwenda kutibu mtu siku ile, lakini kina mama waliiona karavani kutoka mashambani, na karavani ikionekana hakuna wa kuwaambia kwamba ni majaribio tu. Wakaja na watoto migongoni, mmoja na mimba kubwa akishikwa mkono na dada yake. Sista Tatu akacheka, akavaa koti, akafungua mlango. Niliwekwa kushika daftari la mizani na kuandika majina. Ndani mlikuwa na joto, lakini hapakuwa na vumbi hata chembe juu ya kitanda. Yule mwenye mimba alipolala, akapitisha mkono ukutani akasema, "Mwezi ule ukuta huu ulikuwa unaingiza upepo, nikaona haya watu wa nje kunichungulia."

Sauti ya Bwana Kondo ikajibu kutoka nje. "Sasa hauchunguliki, mama! Kaufunga huyo huyo aliyeshika daftari. Skrubu mia tatu na ushei, darasa la nne!"

Nilishindwa kuandika jina lililofuata. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwetu. Niliona mabega yake yakinyooka.

Masika yalikuja yale ya kweli. Karavani ilikwenda Lugoba, mto ukafurika nyuma yake, ikakwama huko wiki tatu. Kila mvua ilipopiga paa letu nilikuwa nakaa kitako nikizihesabu skrubu akilini, upande kwa upande, nikijiuliza ni ipi ambayo mkono wangu haukuambiwa basi. Baba alikuwa ananisikia nikigeuka mkekani. "Umezikaza," alikuwa akisema. "Waachie wenye safari." Waliporudi, Sista Tatu hakupitia hospitali kwanza. Alikuja kwetu na matope mpaka magotini, akasimama kwenye mlango wa karakana. Alituambia wanawake wanne walijifungulia mle ndani, mmoja mapacha, mvua ikimwagika siku mbili mfululizo bila kupumzika. Kitanda kilibaki kikavu. Skrubu mbili tu zilikuwa zimelegea, na Bwana Kondo mwenyewe alizitolea ripoti kama mtu anayeomba radhi.

Baadaye Sista alimwandikia baba barua ya kwenda kwa madaktari wa macho Dar es Salaam. Walimpa dawa ya matone, wakamwambia ukweli: kilichokwisha kupotea hakirudi, watajitahidi kukitunza kilichobaki. Alirudi kwa basi, akashuka mwenyewe, akatembea kutoka stendi akihesabu milango ya watu kwa fimbo. Mama alilia kidogo. Baba alikula wali na samaki, akaniita, akaniwekea mkononi ufunguo wa sanduku la vyombo vyake. "Utakuwa unanipa unachokitumia na unachokirudisha," akasema. "Mimi nitakuambia kinatumikaje."

Siku chache baadaye nilikuwa natoka shule, joto la mchana limetulia juu ya mabati, nikasikia sauti ya mgeni karakanani kabla sijafika. Alikuwa mtu mzima, mfanyabiashara kutoka Pangani kwa kauli yake, ameleta mlango wa duka uliong'oka bawaba zote. Alisikia sifa za kazi ya hapa, alisema, ndiyo sababu amekuja. Alikuwa amesimama juani, na baba amekaa kivulini kwenye kigoda chake, mikono magotini, uso umetulia.

"Nimeambiwa Fundi Sefu ndiye wewe," yule mtu alisema. "Nina haraka. Utauanza sasa?"

"Weka mlango hapo, bwana, ukae upumzike," baba akamjibu. "Fundi yuko shule. Anatoka saa nane."